Somo la mwezi: Kuagiza kokoto, mawe na udongo bila kupoteza pesa

Baridi ikianza kupungua, familia nyingi hutuuliza namna ya kutengeneza uwanja wa nyuma: kuweka njia isiyo na matope, au kitalu cha mchicha, lenga-lenga na maharage. Kazi hiyo inawezekana, na vifaa vyake vinapatikana.

Tofauti iko kwenye kununua. Uvira, Bujumbura au Kigoma, mchanga na kokoto tulinunua kwa macho. Unaliangalia lori, unapatana bei, mzigo unamwagwa. Hapa Birmingham mara nyingi unaagiza kwa simu au mtandaoni na kulipa kabla hujauona mzigo. Kwa hiyo kazi iliyofanywa na macho yako kule, hapa inafanywa na futi ya kupimia na maswali unayouliza kabla ya kulipa.

1. Ruhusa kwanza

Kama umepanga nyumba, ya kaunsili, ya shirika la nyumba au ya mtu binafsi, omba ruhusa kwa maandishi na utunze jibu. Neno la mdomo halitakusaidia siku ya kuhama, ukidaiwa gharama za kurudisha uwanja ulivyokuwa.

Mbele ya nyumba kuna sheria nyingine. Tangu Oktoba 2008, nchini Uingereza huwezi kufunika zaidi ya mita 5 za mraba za uwanja wa mbele kwa saruji au lami isiyopitisha maji bila kibali cha mipango, isipokuwa maji yake yanaelekezwa kwenye bustani au majani yako. Kokoto zinapitisha maji, hivyo hazihitaji kibali hicho.

2. Jua unachohitaji

Kokoto za njia: saizi ya milimita 10 hadi 20 inafaa. Zilizopasuliwa, zenye kona, hushikana vizuri. Za mviringo huteleza, na gari la mtoto au kiti cha magurudumu hukwama. Tandika kwanza kitambaa cha kuzuia magugu kinachopitisha maji.

Mawe ya msingi: yanaandikwa “Type 1”. Ni mawe yaliyosagwa pamoja na vumbi lake, ya kushindilia chini ya vigae vya nje au kibanda. Juu ya njia ya kawaida si lazima.

Mchanga: mchanga wa kujengea si wa watoto kuchezea, kwa sababu mwingi huchafua nguo na ngozi. Kwa watoto, uliza mchanga wa kuchezea.

Udongo: huitwa “topsoil”. Ukiona alama BS 3882, maana yake umepimwa kufuata kiwango cha Uingereza. Usichukue udongo wa bure kutoka eneo la ujenzi na kuupandia chakula. Birmingham ilikuwa jiji la viwanda, na udongo usiojulikana ulikotoka unaweza kuwa na vioo au madini ya risasi, ambayo ni hatari hasa kwa watoto wadogo.

Pengine huhitaji kununua udongo kabisa. Upande wa mashariki wa jiji, sehemu kubwa ina udongo mfinyanzi mwekundu. Ni mzito na hushika maji, lakini una rutuba. Mboji na samadi iliyooza vinaweza kuutengeneza kwa gharama ndogo.

3. Pima, halafu zidisha

Zidisha urefu kwa upana kwa kina, vyote kwa mita. Wengi hukosea kwenye kina: sentimita 5 ni mita 0.05, si 0.5. Kosa hilo moja litakuletea mzigo mara kumi.

Mfano wa njia: urefu mita 6, upana mita 1, kina mita 0.05. Jibu ni mita za ujazo 0.3. Mita moja ya ujazo ya kokoto ina uzito wa takriban tani 1.6, hivyo unahitaji karibu nusu tani. Hiyo ni mifuko midogo 25 ya kilo 20. Begi kubwa, linaloitwa “bulk bag”, kwa kawaida lina kilo 800 hivi. Linganisha bei zote mbili kabla ya kuamua.

Mfano wa kitalu: mita 2 kwa 1, kina mita 0.3. Jibu ni mita za ujazo 0.6. Ongeza kidogo, kwa sababu udongo hushuka baada ya mvua.

4. Angalia ukuta

Karibu na ardhi, kuta za nyumba nyingi zina mstari mwembamba unaozuia maji ya ardhini kupanda. Kokoto na udongo vibaki angalau sentimita 15 chini ya mstari huo. Usizibe pia matofali yenye matundu, maana ndiyo yanayopitisha hewa chini ya sakafu. Ukivifunika, unyevu na ukungu vinaweza kuingia ndani, na wanaougua ni watoto.

5. Uliza kabla ya kulipa

– Bei hii ina VAT ya asilimia 20 ndani yake?
– Usafiri ni kiasi gani?
– Begi lina kilo ngapi?
– Mtaliweka wapi?

Omba majibu kwa barua pepe. Mara nyingi lori lenye kreni hushusha begi ukingoni mwa barabara, na dereva halazimiki kulifikisha nyuma ya nyumba. Kulihamisha ni safari 20 za toroli zenye kilo 40 kila moja, kwa hiyo panga watu mapema. Kuacha mzigo kwenye njia ya waenda kwa miguu kunahitaji idhini ya kaunsili. Ni bora ukae ndani ya eneo lako.

Ukinunua kwa simu au mtandaoni, kwa kawaida una siku 14 tangu kupokea mzigo za kubadili nia, lakini mara nyingi gharama ya kuurudisha ni yako. Ukague kabla ya kuumwaga.

6. Mtu akigonga mlango

Mtu akisema, “Tumebakiza kokoto kwa jirani, tukufanyie leo kwa bei nafuu,” mjibu “Hapana, asante,” na ufunge mlango. Usitoe pesa taslimu, wala usimfuate benki. Hata anayejitolea kubeba udongo wako wa ziada, hakikisha jina lake liko kwenye orodha ya wabeba taka ya Environment Agency. Akiutupa kando ya barabara, faini inaweza kukufikia wewe.

Ukiwa na tatizo na muuzaji, piga Citizens Advice bure: 0808 223 1133.

Kabla ya kuagiza, leta vipimo vyako na bei uliyopewa ofisini kwetu. Tutapiga hesabu pamoja, na kama simu kwa Kiingereza inakutia wasiwasi, tutaipiga tukiwa wote.