Baba analala muchana: mutoto afanye nini?

Ndugu mufanyakazi, umetoka poste ya usiku. Umeoga, umekula, umelala. Kisha nusu saa tu, mutoto wa miaka mitatu anafungua mulango: «Baba, niko na njaa!» Mama anamukemea, mutoto analia, na usingizi wako umekwisha. Usiku unarudi kwenye mashine na macho mazito. Mutu mwenye usingizi anasahau kufunga mukanda, anachelewa kuona gari inayorudi nyuma.

Wengi wanasema mutoto huyu ni mukaidi. Hapana. Yeye hajui saa, na hajui kama juma hili baba ni wa usiku. Anajua tu mambo yanayofuatana: kisha hili linakuja lile. Kwa hiyo poste ya baba ikigeuka, siku ya mutoto isigeuke nayo. Katika nyumba nyingi watoto wanakesha mpaka baba aende kazini, kesho yake wanaamka na hasira. Lakini mutoto wa miaka 3 mpaka 5 anahitaji kulala saa 10 mpaka 13, tukihesabu na usingizi wa muchana.

Mama, akiamka umupeleke choo, umunawishe, umupe uji. Halafu acheze nje, upande wa lupango ulio mbali na dirisha la baba. Muchana anawe mikono, ale bukari, alale kidogo. Jioni aoge, ale, asikie hadithi, aingie kitandani. Kila siku vile vile, hata siku ya mungo.

Usimwambie «nyamaza» tangu asubuhi mpaka jioni. Mutoto mudogo hawezi. Umupe alama. Funga kitambaa kwenye mulango: kikiwa pale, baba analala, kikitoka, mutoto anaingia kumusalimia baba. Na wewe baba, ukiamka umupokee kweli, hata dakika kumi. Ukimufukuza, kesho hataamini kitambaa kile. Juma la kwanza atalia. Musiache.

Sasa neno zito. Baba anayelala si mulinzi. Mama akienda sokoni, amuachie mutoto mutu mukubwa aliye macho, si dada yake wa miaka sita. Na vitu vya hatari viwe na mahali pao. Petroli isitiwe ndani ya chupa ya bia ao ya limonadi: mutoto mwenye kiu anakunywa tu. Iwekwe juu, ndani ya sanduku lenye kufuli, pamoja na soda ya kupikia sabuni. Akiinywa, musimutapishe, kwa maana petroli ikirudi inaweza kuingia mapafuni. Mukimbie lopitali, mubebe na ile chupa.

Nguo za kazi nazo zina vumbi la madini, na mutoto anatia mikono kinywani kila mara. Uzivue mbele ya kumubeba. Zisiwekwe juu ya kitanda chake, zifuliwe katika beseni yao peke yake.

Mwezi wa sita na wa saba, baridi inapokaza, wengine wanaingiza mbabula chumbani ili baba na watoto wapate joto. Gazi ya makala haina harufu, na inaua watu wakiwa katika usingizi. Mbabula ibaki nje, hata moto ukiwa kidogo. Ongeza blanketi.