Picha ya Ajali Kwenye Grupu la Kikoba

Shangazi, nauza chakula stendi ya Makambako. Juzi lori liligonga bodaboda njia ya Njombe, kijana akafia palepale. Nilipiga picha nikaituma kwenye grupu la kikoba chetu. Mara nikaanza kusemwa: "Huna utu!" "Kwa nini hukuweka onyo?" Admini akanitoa. Kikao ni Jumamosi na hisa zangu zimo kikobani. Niende?
Mama Lishe, Makambako

Nenda, mwanangu. Kutolewa kwenye grupu si kutolewa kwenye kikoba. Hilo huamuliwa na wanachama kwa katiba yenu, si kwa kidole cha admini aliyekasirika.

Ila picha ulikosea. Hapo kwenu ndipo barabara ya Songea inapochepuka kutoka ile kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia, malori hayakauki, na Njombe mjini ni kilomita kama 60 tu. Mama wa yule kijana anaweza kuwa mwanakikoba mwenzako. Anafungua simu aone taarifa ya marejesho, anakutana na koti analolijua. Kwetu msiba haupelekwi hivyo: anatumwa mtu mzima, anasalimia, anakaa, anaanza na "mgonjwa amezidiwa kidogo" wakati maiti iko mochwari. Onyo la maandishi lisingemsaidia, maana kwenye WhatsApp jicho huwahi picha kabla ya maneno. Ungeandika tu: "Kuna ajali njia ya Njombe, magari hayapiti."

Waliokusema nao siwasifii. Mmoja angekufuata inboksi, ukaifuta kwa wote, yakaisha. Badala yake walifoka mfululizo, na kila aliyechelewa akapandisha juu kutafuta kilichowaudhi wenzake. Akaiona.

Ugomvi wa onyo si wenu peke yenu. Hata Mastodon, mtandao alioanzisha Eugen Rochko wa Ujerumani mwaka 2016, una kisanduku cha onyo: unaona mstari mmoja, ukitaka unafungua. Kizuri, sikatai. Lakini mwaka 2022 watu walipohamia huko kutoka Twitter, kwa baadhi ya wenyeji ikawa kazi yao kukemea wageni wasioweka onyo. Hata watu weusi waliosimulia ubaguzi waliotendewa wakaambiwa waufiche nyuma ya onyo. Hapo anayelindwa ni nani?

Leo mpigie mwenyekiti, si admini. Jumamosi simama, omba radhi mara moja, usijieleze sana, kisha pendekeza kanuni: hakuna picha za maiti wala majeruhi, na mwenye kosa apigiwe simu. Na kama yumo mwanakikoba aliyefiwa, anza kwake kabla ya kikao. Hao wengine watasubiri.