SOMO: MANENO YA MAHAKAMA, NA SAFARI YA KESI YA JINAI

Ufuta ukipungua ghalani, neno la kwanza kusikika chamani ni "mwizi", na la pili ni "afungwe". Kati ya maneno hayo mawili iko njia ndefu ya mahakama. Viongozi wengi huianza bila kuijua. Kesi ikianguka husema hakimu amehongwa, kumbe mara nyingi kilichoangusha kesi ni daftari la ghala.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba chama cha msingi huko Mitole kimepokea ufuta wa wakulima, na gunia kumi hazionekani. Karani wa ghala anashukiwa. Kufikia hapo yeye ni mtuhumiwa tu, yaani mtu anayedhaniwa. Bodi ya chama haina mamlaka ya kumtangaza mkutanoni kuwa mwizi, wala kumfungia stoo. Kazi yake ni kutoa taarifa polisi na kuhifadhi vitabu vyote kama vilivyo, bila kurekebisha hata tarakimu moja.

Mashtaka yakisomwa mahakamani, mtuhumiwa huitwa mshtakiwa. Hati ya mashtaka hutaja kosa, kifungu cha sheria, tarehe, mahali na mali iliyopotea. Naye hujibu kwa kukiri au kukana. Mtumishi anayemwibia mwajiri wake ana kifungu chake katika Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake ni nzito kuliko ya wizi wa kawaida.

Akipewa dhamana, wanachama humwona anakunywa kahawa Masoko na kupiga kelele kwamba ameachiwa. La hasha. Dhamana ni ahadi ya kurudi siku ya kesi, na wadhamini wake hupata hasara akitoroka. Katiba, katika ibara ya 13, inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa.

Wazee wa Kilwa Kivinje husimulia habari za Hassan bin Omari Makunganya, aliyepinga utawala wa Wajerumani, akakamatwa na kunyongwa mwaka 1895. Aliyemkamata na aliyemhukumu walikuwa serikali ile ile ya kigeni. Leo kazi hizo zimetengwa: polisi hupeleleza, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka huendesha mashtaka, na hakimu huamua.

Kwa hiyo katika Mahakama ya Wilaya kesi huandikwa "Jamhuri dhidi ya" mshtakiwa. Chama si mwenye kesi. Mwenyekiti wake ni shahidi wa upande wa mashtaka. Ndugu wa karani wakija usiku na fedha, mwenyekiti hawezi kuiondoa kesi kama mtu aondoavyo mbuzi wake malishoni. Katika Mahakama ya Mwanzo mambo ni tofauti kidogo: hakuna mwendesha mashtaka wa serikali, na mlalamikaji huleta mashahidi wake mwenyewe.

Upande wa mashtaka ndio unaoanza. Shahidi akimaliza kueleza, upande wa pili humwuliza maswali ya dodoso, na hapo ndipo vyama vingi huumbuka. "Nani mwingine alikuwa na ufunguo?" "Makabidhiano yalitiwa saini lini?" Ikiwa funguo zilikuwa mbili na hati ya makabidhiano haipo, shaka imeingia, na jinai hutaka uthibitisho usioacha shaka ya maana. Kusema "niliambiwa na mlinzi" hakusaidii. Mlinzi mwenyewe aje. Daftari la mapokezi, stakabadhi na karatasi za mizani hutolewa mahakamani kama vielelezo, na mwenye kuvitunza ndiye anayefaa kuvitoa.

Ushahidi huo ukiisha, mahakama huamua kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Kama hana, huachiwa huru. Kama anayo, hujitetea, huita mashahidi wake, au hunyamaza. Si lazima athibitishe kuwa hana kosa.

Kuachiwa huru kusichanganywe na kuondolewa mashtaka. Mashtaka yakiondolewa kabla ya utetezi, mtu aweza kushtakiwa tena kwa kosa lile lile.

Hukumu ya kifungo haijazi ghala. Mahakama yaweza kuamuru fidia. Isipofanya hivyo, chama hufungua kesi ya madai, ambayo kipimo chake cha ushahidi ni chepesi zaidi. Ndiyo maana karani aweza kushinda jinai na bado akadaiwa ufuta.

Aliyetiwa hatiani katika Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Akihukumiwa na Mahakama ya Wilaya, hutoa taarifa ya kusudio ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe huiwasilisha Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Chama kisichoridhika na hukumu ya kesi ya Jamhuri hakikati rufaa chenyewe. Hoja zake hupelekwa kwa mwendesha mashtaka, na zipelekwe mapema, kwa maana siku za rufaa huhesabiwa kwa upande wa Jamhuri pia.