Kalavati Hupimwa kwa Mvua Ambayo Bado Haijanyesha

Mwananchi apitaye kiangazi juu ya kalavati kubwa lililo kavu huweza kujiuliza kwa nini fedha nyingi zimetumika mahali ambapo hata mbuzi hapati maji ya kunywa. Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba mhandisi hakupima kijito kinachoonekana. Alipima mafuriko ambayo bado hayajatokea.

Kalavati likisanifiwa kwa mafuriko ya miaka 25, haina maana kwamba maji makubwa yatasubiri miaka 25 ndipo yaje. Maana yake ni kwamba kila mwaka ipo nafasi 1 kati ya 25 ya kupata mafuriko yanayozidi kipimo hicho. Yaweza kuja mwaka huu, na mwakani yakarudi. Kwa miaka yote 25, uwezekano wa kalavati kuzidiwa angalau mara moja hufikia takribani asilimia 64. Kwa hiyo mhandisi mwangalifu huuliza pia: maji yakizidi, yapite wapi bila kuleta maafa? Ndiyo sababu baadhi ya barabara za vijijini hujengewa drifti, yaani sakafu ya zege iliyolala chini, ambayo maji huruhusiwa kupita juu yake. Gari litasubiri saa kadhaa, lakini maji yakipungua barabara ingalipo.

Yapo pia yasiyozuilika. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Wahandisi wa TANROADS walianza kwa kujaza mawe na kifusi ili magari yapite kwanza. Ujenzi wa kudumu ulikuwa kazi ya baadaye.

Mkoani Songwe mvua huanza kwa kawaida Novemba na kuendelea hadi Aprili. Muda wa kukagua, basi, ni kabla ya Novemba. Mkaguzi hutazama mdomo wa kalavati, nyufa za kuta, na hasa udongo wa upande maji yanakotokea, kwa kuwa huko ndiko maji huchimba msingi kimyakimya. Hapa ni lazima isemwe wazi: kalavati lililosanifiwa vyema huweza kushindwa kwa sababu ya magunia na chupa za plastiki zilizotupwa mtaroni. Bomba la sentimita 90 lina nafasi zaidi ya mara mbili ya lile la sentimita 60. Taka zikiliziba, faida hiyo yote hupotea, na mjamzito anayekimbizwa kituo cha afya usiku hukuta barabara imekatika.

Mkazi akiona kalavati limeziba, au mchanga unachimbwa karibu na nguzo za daraja, amwarifu mwenyekiti wa mtaa au kijiji, au mtendaji wa kata, ili taarifa ifikishwe TARURA. Ataje jina la mahali, siku alipoona, na iwapo gari bado linapita.