Mwanagenzi wa Mchawi: Nani Alilipia Wino?

Katika kanuni za Dungeons & Dragons za mwaka 2014, mchezaji anayetaka mhusika msomi anaweza kurusha dadu ya pande nane ili ajue msomi huyo alibobea katika nini. Huenda akawa mtazama nyota, mkutubi au mnakili wa vitabu. Ikitokea saba, ni mwanagenzi wa mchawi. Kitabu hakiongezi neno. Mwalimu alikuwa nani, waliishi vipi, waliachana kwa nini, yote hayo ameachiwa mchezaji. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na watu wanaounda mhusika wa aina hii kwa mara ya kwanza.

Usuli huu unampa nini mhusika wangu kwenye karatasi?

Kwa kanuni za 2014, anapata ujuzi wa aina mbili, elimu ya uchawi na historia, pamoja na lugha mbili za kuchagua. Anapata pia uzoefu wa utafiti: jambo asilolijua, aghalabu anajua litapatikana wapi au kwa nani. Mzigo wake ni mwepesi: kichupa cha wino mweusi, kalamu ya unyoya, kisu kidogo, nguo za kawaida, mfuko wenye sarafu 10 za dhahabu, na barua ya msomi mwenzake aliyefariki, yenye swali ambalo mhusika bado hajaweza kulijibu.

Toleo la 2024 linampa msomi uchawi kidogo tangu mwanzo, hata kama hakuchagua kuwa mchawi, lakini barua imeondolewa. Mwombe msimamizi wa mchezo wako airudishe. Kwa mwanagenzi, barua ile ina thamani kuliko vitu vingine vyote mfukoni. Mwandishi wake anaweza kuwa mwanagenzi aliyemtangulia kwa mwalimu yule yule, na swali lenyewe likawa linamhusu mwalimu.

Mwalimu wake afe mwanzoni? Naona hadithi nyingi zinaanza hivyo.

Usimuue. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Mwalimu akiuawa kabla mchezo haujaanza, mhusika wako anabaki na kisasi, na kisasi kina mahali pamoja tu pa kwenda: kwa muuaji. Akishapatikana na kulipwa alichotenda, usuli wako umekwisha, nawe una miezi ya kucheza mbele yako.

Mwalimu aliye hai ana mengi ya kufanya. Atatuma ujumbe wakati usiofaa, atadai kitabu chake, atakataa kufungua mlango. Atachukua mwanagenzi mpya, mwerevu kuliko wako. Pia mhusika ana mahali pa kurudi akizidiwa. Ursula K. Le Guin alilijua hilo. Katika *A Wizard of Earthsea*, riwaya ya mwaka 1968, kijana Ged anamchoka mwalimu wake Ogion kwa sababu ya ukimya na mwendo wake wa taratibu, anamwacha na kwenda shule ya wachawi kisiwani Roke. Huko kiburi chake kinafungulia kivuli kinachomwandama. Anapokuwa hana tena pa kukimbilia, anarudi kwa Ogion, na Ogion ndiye anayemwelekeza la kufanya. Angekuwa amekufa katika sura ya pili, Ged asingekuwa na mlango wa kubisha.

Alikuwa akifanya kazi gani kila siku? Sitaki kuandika tu kwamba alifagia.

Anzia kwenye wino. Kanuni za 2014 zinasema kunakili nuizo moja kwenye kitabu cha mchawi huchukua saa 2 na kugharimu sarafu 50 za dhahabu kwa kila daraja la nuizo hilo, kwa ajili ya wino bora na vifaa vinavyotumika katika majaribio. Sasa tazama karatasi ya mchawi anayeanza. Kitabu chake kina manuizo sita ya daraja la kwanza. Kwa bei hiyo, hizo ni sarafu 300, na mfukoni ana 10.

Mchezaji hadaiwi kitu, maana manuizo sita ya mwanzo ni ya bure. Ila ndani ya hadithi kuna mtu aliyetoa fedha. Katika kanuni hizo hizo, kibarua asiye na ufundi hulipwa sarafu 2 za fedha kwa siku, na sarafu 10 za fedha ni sawa na moja ya dhahabu. Kwa hiyo dhahabu 300 ni ujira wa siku 1,500, zaidi ya miaka minne bila siku ya mapumziko. Muda wa uanagenzi wenyewe unajitokeza hapo, bila kuubuni. Kijana huyu alisaga rangi, alichonga kalamu kwa kile kisu kidogo, alipanga chupa, alinakili kurasa asizozielewa mpaka vidole vikawa vyeusi, na kila ukurasa uliandikwa kwenye hesabu ya mwalimu.

Ukitaka kielelezo cha kweli, soma mikataba ya wanagenzi wa Uingereza. Sheria ya mwaka 1563 ilitaka kijana atumikie angalau miaka saba kabla ya kuruhusiwa kufanya ufundi kwa jina lake. Mkataba uliandikwa mara mbili kwenye ngozi moja, kisha ukakatwa kwa mstari wa mawimbi. Kila upande ulishika kipande chake, na ukweli wake ulithibitishwa kwa kuviunganisha. Mwanagenzi aliahidi kutunza siri za bwana wake, kutooa, kutocheza kamari na kutoshinda vilabuni. Bwana aliahidi chakula, malazi, mavazi na kumfundisha ufundi wote. Mpe mhusika wako kipande kimoja cha mkataba kama huo. Kingine kiko kwa mwalimu, na nuizo la saba halijafundishwa.

Kwa nini aliondoka?

Kwa sababu alijua nusu ya jambo. Kisa cha zamani kabisa ninachokijua cha namna hii kimo katika maandishi ya Kigiriki ya Lucian, karne ya 2. Eucrates anasafiri na Pancrates, mchawi wa Misri, ambaye huugeuza mchi au ufagio kuwa mtumishi. Pancrates haifichui siri hiyo. Siku moja Eucrates anajibanza gizani na kulisikia neno, silabi tatu tu. Mwalimu akiwa sokoni, anauamuru mchi uchote maji. Unachota. Anauambia uache, nao hauachi. Anaupasua kwa shoka na kupata wachota maji wawili. Goethe aliligeuza jambo hilo kuwa shairi mwaka 1797, Paul Dukas akalitungia muziki mwaka 1897, na filamu ya Disney ya mwaka 1940 ikamvika Mickey kofia ya mchawi.

Kwa Goethe mwalimu anarudi na kutuliza mambo. Kwa Lucian pia anarudi, anazigeuza zile nusu mbili kuwa mbao tena, kisha anaondoka kimyakimya na kumwacha kijana peke yake. Mimi nampendelea Lucian. Mhusika aliyeachwa hivyo ana aibu, ana swali, na ana neno la kuanzisha bila neno la kukomesha. Amua ni nani aliyeumia kwa kosa lake. Asiwe yeye mwenyewe. Awe jirani, au mwanagenzi mwenzake, na awe anaishi bado.

Lazima mhusika mwenyewe awe mchawi?

Hapana. Usuli na kazi ya sasa ni mambo mawili. Mwizi aliyefukuzwa kwa mchawi akiwa na miaka kumi na tano anasoma maandishi yaliyo juu ya mlango uliofungwa, ingawa hawezi kuwasha hata mshumaa kwa uchawi. Mwizi wa aina hiyo ananivutia zaidi ya mchawi wa kawaida.

Niandike kurasa ngapi?

Nusu ukurasa. Msimamizi anahitaji jina la mwalimu, deni, na jambo moja ambalo mhusika hakufundishwa. Mengine yatazaliwa mezani mkicheza.

Kikao cha kwanza nianze vipi?

Kama kitabu chako kina nuizo la kumwita mnyama msaidizi, litumie mapema. Kwa kanuni za 2014, linahitaji mkaa, ubani na mitishamba ya dhahabu 10, vyote viungue ndani ya chetezo cha shaba kwa muda wa saa moja. Ni bei ile ile ya fedha zote za msomi wa 2014. Mwanagenzi anayefilisika usiku wa kwanza ili apate bundi au paka wa kuongea naye ameshawaeleza wenzake mezani jinsi alivyoishi kwa mwalimu. Waache waulize. Na asubuhi, mwenye nyumba ya wageni akija kudai malipo ya chumba, mmoja wao itabidi amlipie, na hapo deni la pili limeanza.