Kadi za Krismasi za Maganda ya Mgomba: Somo kwa Vikundi Vinavyoanza



Somo hili linahusu kazi ambayo baadhi yenu mtaiona ndogo: kutengeneza kadi za Krismasi kwa mikono. Haiwezi kuchukua nafasi ya kahawa, wala hatudai hivyo. Lakini kahawa huleta fedha kwa msimu, na katikati ya misimu kuna miezi mirefu ambayo mama wa nyumbani hana cha kupeleka sokoni ila ndizi. Ni kwa ajili ya miezi hiyo kwamba vikundi vya akina mama katika vyama vya msingi vimekuwa vikiuliza habari za kazi za mikono, na kadi ni miongoni mwa zile zinazoweza kuanzishwa kwa mtaji mdogo, kwa kuwa nusu ya malighafi yake iko shambani.

Kwanza tuondoe shaka moja. Yapo maneno kwamba siku hizi watu hutumiana salamu kwa simu, na kadi zimepitwa na wakati. Ni kweli kwamba wengi hawanunui tena kadi za kiwandani kama walivyofanya zamani, wakazitundika kwenye uzi sebuleni hadi mwezi Januari. Lakini mtu anayenunua kadi leo huinunua kwa sababu inaonyesha alama ya mkono. Hata kadi ya kwanza ya Krismasi iliyouzwa madukani ilipitia mikononi namna hiyo. Mwaka 1843 Bwana Henry Cole wa London alikuwa na barua nyingi za kujibu wakati wa sikukuu, wala hakuwa na nafasi ya kuzijibu zote. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha ya salamu, zikapigwa chapa nakala zipatazo 1,000, na kila moja ikatiwa rangi kwa mkono. Iliuzwa kwa shilingi moja ya Kiingereza, bei ambayo mtu wa kawaida wa siku zile hakuimudu kwa urahisi. Tena ilileta manung'uniko, kwa maana picha yake ilionyesha jamaa nzima, watoto wakiwemo, wakinywa mvinyo.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe.

Malighafi kubwa ni maganda makavu ya mgomba, yaani yale magamba ya nje ya shina ambayo yamekauka yenyewe yakiwa bado yameshikamana na mgomba. Kuyabandua hakuudhuru mgomba. Mkulima mwangalifu huyaondoa kila mara ili kusafisha shamba. Yachukueni yale yaliyokauka kabisa, wala msikate maganda mabichi mkidhani mtayakausha upesi. Mtakapoyakusanya mtaona kwamba hayafanani rangi. Yapo ya manjano hafifu kama nyasi kavu, yapo ya kahawia, na yapo yanayokaribia weusi. Tofauti hizo ndizo rangi zenu. Hakuna haja ya kununua rangi dukani. Ninawashauri wanaoanza wayapange katika vikapu vitatu kwa rangi tangu siku ya kwanza, kwa sababu mtu akichagua rangi mezani kazi ikiwa imekwisha kuanza, hupoteza nusu ya asubuhi.

Yapanguseni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo ili vumbi na wadudu watoke, kisha yaanikeni kivulini penye upepo kwa siku mbili au tatu. Baada ya hapo yapigeni pasi ya moto wa wastani, huku mmeyafunika kwa karatasi safi. Ganda lililo tayari hulia kama karatasi likikunjwa. Likinyamaza, bado lina maji.

Hapa sina budi kukiri kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mgeni katika kufundisha kazi hii, nilikiongoza kikundi kimoja wakati wa masika. Maganda yalionekana makavu, nami nikaruhusu kadi zifungwe katika mifuko ya plastiki mara tu zilipobandikwa. Baada ya majuma machache mnunuzi alizirudisha zikiwa zimeota ukungu, kila kadi ina madoa ya kijivu pembezoni mwa picha. Akina mama wale walikuwa wamefanya kila kitu kama nilivyowaambia. Hawakulipwa, nami sikuwa na la kuwajibu. Tangu hapo sifundishi kubandika wakati wa mvua kubwa, na kadi iliyobandikwa haifungwi mpaka ikae chini ya uzito usiku mmoja na kupata hewa kwa siku mbili zaidi. Ninyi mnaoanika kahawa mnalijua jambo hili vema: kahawa ikiwekwa ghalani na unyevu, ubora wake huharibika.

Kwa karatasi, tumieni manila nyeupe au ya rangi ya maziwa, yenye uzito wa gramu 200 hadi 250 kwa mita moja ya mraba. Karatasi ya ukubwa wa A4 ina milimita 210 kwa 297. Ikatwe katikati ya urefu wake, mtapata vipande viwili. Kila kipande kikikunjwa mara moja huwa kadi ya milimita 105 kwa 148, ambayo huingia vizuri katika bahasha ya C6 yenye milimita 114 kwa 162. Nunueni bahasha kwanza, kisha kateni kadi. Nimeona vikundi vilivyofanya kinyume chake, vikajikuta na mamia ya kadi nzuri zisizo na bahasha ya kuzitosha katika mji mzima.

Karatasi, kama ubao wa seremala, ina mkondo wa nyuzi. Ishikeni na kuipinda taratibu, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaopindika kwa urahisi ndio unaofuata mkondo. Kunjo la kadi lifuate mkondo huo. Likiupinga, karatasi hupasuka mgongoni na kuonyesha nyuzi zake. Kabla ya kukunja, chorea mstari kwa kalamu ya wino iliyokwisha, ukiegemeza kwenye rula ya chuma, ndipo ukunje. Wanaoanza hupenda kuiruka hatua hii kwa kuwa matokeo yake hayaonekani mara moja, lakini mnunuzi huiona kabla hajatazama picha.

Gundi inaweza kupikwa nyumbani kwa unga laini wa muhogo: kipimo kimoja cha unga kwa vipimo sita vya maji. Korogeni unga kwanza katika maji baridi, kisha pikeni kwa moto mdogo mkiendelea kukoroga mpaka uji ugeuke kuwa wa kung'aa. Uchujwe kwa kitambaa. Pikeni ya kutosha siku hiyo tu, kwani ikilala huchacha na kuvuta mende. Ipakwe nyembamba, tena juu ya ganda, si juu ya manila. Manila ikilowa hujikunja, wala pasi hairekebishi kasoro hiyo.

Kuhusu picha, tuna maoni ambayo si kila mtu atakubaliana nayo. Vikundi vingi huanza kwa kuiga theluji na miti ya misonobari kutoka katika kadi za ng'ambo. Mnunuzi wa Ulaya anayo theluji yake, hahitaji yetu. Nyota moja juu ya nyumba ya msonge, mama aliyembeba mtoto mgongoni, mgomba wenye mkungu, wapiga ngoma watatu, kilele cha Kibo kwa maganda meupe zaidi: hizi ni picha ambazo mikono yetu inazijua. Anzeni na nyota na msonge, kwa sababu zina mistari iliyonyooka. Umbo la mtu lingoje mpaka mikono izoee mkasi. Kila umbo lichorwe kwanza kwenye kigezo cha kadibodi ngumu, ili kadi ya kwanza na ya mia zifanane. Maneno ya ndani yawe machache: Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya. Ndugu zetu Waislamu walio wanachama wakitaka kadi za Idd, ujuzi ni ule ule, na mwezi mwandamo na nyota ni maumbo mepesi kukatwa.

Katika kuwafundisha wanaoanza, kila mmoja atengeneze kadi kumi za kwanza peke yake tangu kukata hadi kubandika, kwa kutumia makaratasi yaliyotumika, na kadi hizo zisiuzwe. Baada ya hapo ndipo kazi igawanywe. Mama mzee ambaye macho yake hayaoni tena mstari mwembamba anaweza kuwa hodari wa kuchagua maganda kwa kuyagusa. Kijana mwenye mkono imara akate manila. Lakini asiyepata kujaribu hatua zote hatajua kwa nini mwenzake humrudishia kazi, na hapo ndipo ugomvi huanzia.

Mkaguzi achaguliwe na kikundi, wala asikague kazi ya mkono wake. Apime pembe, kunjo, usafi wa gundi na ukavu. Kadi inayokataliwa ionyeshwe kwa aliyeitengeneza siku ile ile, kwa faragha na kwa sababu iliyotajwa. Mwanachama akielezwa mwezi ujao kwamba kadi zake ishirini zilikataliwa, hataamini hata zikiwekwa mbele yake.

Sehemu hii sasa ni yako, Ndugu Katibu. Kikundi kikija kwako na mnunuzi aliyeahidi shilingi 500 kwa kadi, usifurahi kabla ya kupiga hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba manila ya kadi moja ni shilingi 100, gundi na vifaa vidogo shilingi 30, bahasha shilingi 100, na malipo ya mtengenezaji shilingi 250. Jumla ni shilingi 480, na kikundi kitasema kuna faida ya shilingi 20. Lakini mnunuzi anataka kadi 500 zilizo nzuri. Kwa wanaoanza, hesabu kadi 550 ili upate 500. Manila na gundi za kadi 550 ni shilingi 71,500. Bahasha 500 ni shilingi 50,000. Malipo ya watengenezaji kwa kadi 500 zilizopokelewa ni shilingi 125,000. Nauli ya kufikisha mzigo, tuseme, ni shilingi 20,000. Jumla ni shilingi 266,500, na mauzo ni shilingi 250,000. Kikundi kimepata hasara ya shilingi 16,500, na bado hatujahesabu ushuru wa chama wala siku za kukusanya maganda. Bei halisi ya kadi ile ni shilingi 533 kabla ya kupata hata senti moja ya ziada.

Basi mpe kila mtengenezaji ukurasa wake katika daftari: manila alizopokea, kadi alizoleta, zilizopokelewa, zilizokataliwa na sababu. Manila zitolewe kwa stakabadhi kama zinavyotolewa pembejeo. Malipo yafuate utaratibu ambao wanachama wameuzoea katika kahawa, yaani malipo ya awali kadi zinapopokelewa, na malipo ya pili baada ya mnunuzi kulipa. Wala usitumie fedha za mauzo ya kahawa kulipia manila bila idhini ya Bodi iliyoandikwa katika kumbukumbu za mkutano. Kiasi kinaweza kuwa kidogo, lakini mkaguzi wa hesabu hatazami ukubwa wake.

Neno la mwisho ni la kalenda. Kadi za Krismasi haziuzwi Desemba kwa mnunuzi wa jumla, hasa wa ng'ambo, ambaye hutaka mzigo umfikie mapema ili maduka yaupange. Kusanyeni na kuchagua maganda mara mvua za masika zinapokwisha, bandikeni Juni hadi Agosti wakati hewa ni kavu, na Septemba mzigo uwe umeondoka. Zile zinazobaki ziwekwe kwa ajili ya watu wetu wanaorudi nyumbani milimani kwa sikukuu. Hao hununua hata tarehe 23 Desemba, kwa fedha taslimu.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi cha kujifunza:

1. Katika mfano wetu, kadi 50 ziliharibika. Mtengenezaji hakulipwa kwa kadi hizo, bali manila yake ililipiwa na kikundi. Je, mwanachama anayeanza abebe hasara ya manila, au ibebwe na wote? Kwa muda gani?

2. Mnunuzi amekataa kupandisha bei zaidi ya shilingi 500. Tajeni gharama mbili ambazo kikundi chenu kinaweza kuzipunguza bila kupunguza malipo ya mtengenezaji, mkionyesha hesabu.

3. Mkaguzi wa kikundi amekataa kadi za mke wa Mwenyekiti, naye Mwenyekiti ametaka mkaguzi abadilishwe. Suala hili lipelekwe kwa nani, na Katibu aandike nini katika kumbukumbu?