Fedha za Kikundi Zina Mwenyewe: Somo kwa Akina Mama wa Vikundi vya Akiba na Mikopo Mkoani Katavi

Siku ya kikao, sanduku la chuma huwekwa katikati, na wanawake watatu hutoa funguo zao mmoja baada ya mwingine. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kulifungua peke yake. Waliobuni utaratibu huo hawakudhani kwamba wanachama ni wezi. Walijua tu kwamba si haki fedha za watu wengi kutegemea wema wa mtu mmoja.

Somo hili linahusu fedha zilizomo ndani ya sanduku hilo na haki za mwanamke aliyeziweka humo. Tumewafikiria hasa akina mama wa Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Mkoa wa Rukwa, wenye halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika. Kutoka Karema, kando ya ziwa, hadi Mpanda mjini ni safari ya zaidi ya kilomita 100. Mwanamke mwenye akiba ya shilingi 4,000 kwa wiki hawezi kuzisafirisha umbali huo hadi benki. Nauli ingezimeza zote. Kwa mama huyo kikundi ndicho benki. Na kama kikundi ni benki, yeye ni mteja mwenye haki zote za mteja, tena ni mmiliki. Wengi hulisahau hilo la pili, wakaenda kikaoni kama waalikwa.

Mfumo huu wa hisa, sanduku na mgao wa mwisho wa mzunguko ulianzia katika eneo la Maradi nchini Niger mwaka 1991, ambako shirika la CARE liliufundisha kwa wanawake wa vijijini. Ulipofika kwetu ulichukua sura mbalimbali, na sura iliyoenea zaidi ni ile tunayoiita VICOBA. Haukuja mahali patupu, kwa maana akina mama wa Tanzania walikuwa wakicheza upatu tangu zamani. Tofauti ni kwamba katika upatu fedha hupita mkononi na kwenda, ilhali katika kikundi cha hisa fedha hubaki, hukopeshwa na huzaa. Fedha inayobaki huhitaji kuandikwa.

Kwa muda mrefu vikundi hivi viliendeshwa kwa kuaminiana tu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka katika daraja la nne la watoa huduma, baada ya wapokea amana, wakopeshaji wasiopokea amana, na vyama vya ushirika wa akiba na mikopo. Mamlaka ya kuvisajili na kuvisimamia vikundi vya daraja la nne yamekasimiwa na Benki Kuu kwa halmashauri. Kwa lugha ya kijijini, njia ya usajili huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi kisicho na usajili kinapoingia katika mgogoro, wanachama wake hubaki wakishitakiana kwa majirani.

Hesabu ambayo kila mwanachama anapaswa kuijua

Tuchukue mfano wa kikundi cha wanawake 25 kinachokutana kila wiki. Hisa moja ni shilingi 2,000. Mwanachama mmoja ananunua hisa mbili katika kila kikao, na kwa vikao 48 anakuwa na hisa 96, yaani akiba ya shilingi 192,000. Kikundi chote kimenunua hisa 2,600, sawa na shilingi 5,200,000. Riba za mikopo na faini zimeleta shilingi 910,000. Jumla ni shilingi 6,110,000, ambazo zikigawanywa kwa hisa 2,600, kila hisa inakuwa na thamani ya shilingi 2,350. Mama yetu anapokea shilingi 225,600, yaani faida ya shilingi 33,600.

Sasa tuseme mwaka huohuo mkopo mmoja haukurudi. Aliyekopa ni ndugu wa kiongozi, alipewa shilingi 390,000 bila mdhamini, na hakuna aliyetaka kuonekana mkorofi kwa kuuliza. Fedha za kugawana zinakuwa shilingi 5,720,000, na hisa inashuka hadi shilingi 2,200. Mama yetu anapokea shilingi 211,200. Amepoteza shilingi 14,400 na hajui kama amepoteza, kwa sababu bado amepata zaidi ya alichoweka, na siku ya mgao ni siku ya vigelegele. Hivi ndivyo fedha za vikundi zinavyopotea mara nyingi. Wizi wa sanduku zima husikika hadi wilayani, lakini deni lililonyamaziwa halisikiki.

Kwa hiyo yapo mambo matatu ambayo mwanachama ana haki ya kuyasikia yakisomwa kwa sauti katika kila kikao: kiasi kilichomo sandukuni kabla ya kufunguliwa, kiasi kilichomo linapofungwa, na majina ya wanaodaiwa pamoja na tarehe zao za kulipa. Asiyejua kusoma anaweza kuyashika mawili ya kwanza kichwani hadi kikao kijacho, na ndiyo sababu kumbukumbu husomwa kwa sauti. Kitabu chake cha hisa, chenye mihuri, akitunze mwenyewe au kikae sandukuni. Kisikae nyumbani kwa katibu.

Tunaongeza neno juu ya tarehe ya mgao, ingawa katiba ya kikundi ndiyo huamua. Vikundi vingi hupenda kugawana Desemba. Katavi mvua huanza kunyesha kwa wingi kuanzia Novemba, na wakati huo mbegu na mbolea hazisubiri. Kikundi cha wakulima wa mahindi au mpunga kinachogawana Oktoba humpa mwanachama fedha wakati shamba linapozihitaji. Kinachogawana Desemba humpa wakati wa sikukuu, na ifikapo Februari, wakati ghala tupu na mavuno bado, mama huyohuyo hubisha hodi kwa mkopeshaji.

Mkopo unaokausha

Mkopo wa haraka wenye riba kubwa wananchi wameupa jina lake wenyewe: kausha damu. Hatuna jina linalouzidi kwa ukweli. Mama akikopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, asipolipa na deni likageuzwa kuwa mtaji mpya, baada ya miezi mitatu atadaiwa shilingi 172,800. Kiasi hichohicho akikikopa kikundini kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, atarudisha shilingi 109,000, na sehemu ya riba hiyo itamrudia siku ya mgao.

Riba, hata hivyo, si hatari pekee. Marejesho ya kila siku au kila wiki yanamfaa mwenye genge sokoni Mpanda. Kwa mkulima anayeona fedha mara moja kwa mwaka ni kamba ya shingo, hata kama riba ni ndogo. Kabla ya kuweka dole gumba kwenye karatasi yoyote, uliza: fedha ya kulipa itatoka wapi, na itatoka lini? Dai leseni ya mkopeshaji. Dai mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili na nakala yake ubaki nayo. Kadi yako ya benki, namba yako ya siri na kitambulisho chako si dhamana; usimkabidhi mtu.

Kuhusu nyumba, sheria inasema wazi. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mwenzi mmoja hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenziwe. Ridhaa inayotolewa kwa kuogopa kelele si ridhaa, na mama aliyeulizwa ana haki ya kujibu kwamba anahitaji siku chache za kufikiri. Vilevile tunawakumbusha akina mama wanaotumwa kukopa kikundini kwa niaba ya wengine: anayedaiwa ni yule aliyeandikwa daftarini, hata kama fedha hakuzishika kwa saa moja.

Mikopo ya halmashauri

Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kwa kuwa fedha nyingi zilikuwa hazirejeshwi na baadhi ya vikundi vilikuwa hewa. Ilirejeshwa mwaka 2024. Huu ni mkopo, si sadaka wala fungu la uchaguzi. Kikundi kisiporejesha, kikundi cha kijiji jirani kitakosa. Yeyote anayeomba “ya kushika” ili fomu yenu isogee anaomba rushwa, na TAKUKURU hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113.

Mafunzo, na anayeyauza

Mkopo bila ujuzi huishia kwenye biashara ileile ambayo wanawake kumi wa mtaa mmoja tayari wanaifanya. Ndiyo maana tunayapa mafunzo uzito uleule wa akiba. Mfano mzuri ni nyuki. Mlele ni wilaya ya asali, na kazi hiyo kwa muda mrefu imekuwa ya wanaume, kwa sababu mizinga ya magogo hutundikwa juu ya miti na kurinwa usiku. Mzinga wa sanduku hukaa karibu na ardhi, na hapo mwanamke hahitaji tena kupanda mti. Aliyefundishwa kuchuja na kufungasha hauzi tena asali kwa debe kwa bei anayoitaja mnunuzi. Akitaka kufika dukani, aanzie SIDO kwa barua ya utambulisho, kwani TBS ina utaratibu wa nafuu kwa wajasiriamali wadogo wanaotaka alama ya ubora.

Lakini mafunzo nayo ni huduma, na huduma hununuliwa kwa macho. Tahadhari na mkufunzi anayefundisha asubuhi na kuuza vifaa kwa mkopo jioni. Ulizeni bei ya mzinga au cherehani hiyohiyo mjini kabla ya kutia saini, na mtafuteni mwanamke mmoja aliyefundishwa mwaka uliopita mmuulize anauza nini leo. Na anayewaahidi faida kubwa kwa kuleta wanachama wapya tu, bila bidhaa wala kazi, anawaletea kile ambacho nchi hii ilikiona mwaka 2009, biashara ya “kupanda mbegu” ya DECI ilipofungwa na waliopanda wakabaki wakisubiri.

Mambo yakiharibika

Anzeni ndani: mkutano mkuu wa kikundi, daftari mezani, na maazimio yaandikwe. Msipoelewana, pelekeni shauri kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, kisha halmashauri, mkiwa na nakala ya katiba, cheti cha usajili na vitabu vya hisa. Malalamiko dhidi ya benki au mkopeshaji mwenye leseni hupelekwa kwanza kwake kwa maandishi. Jibu likikosekana au lisiporidhisha, Benki Kuu ina dawati la kuyapokea. Wizi na kughushi saini ni makosa ya jinai, na jambo hilo ni la polisi, hata kama mhusika ni shemeji.

Katika kikao chenu kijacho, kabla sanduku halijafunguliwa, ombeni katibu asome idadi ya hisa zote za kikundi hadi leo. Kisha kila mmoja, kwa kijiti ardhini au kwa kalamu, akokotoe thamani ya hisa moja kwa fedha zilizopo na madeni yanayotarajiwa kulipwa. Halafu irudieni hesabu hiyo mkiliacha nje deni moja ambalo nyote mnalijua na hakuna anayelitaja.